Mbwa huzoea, hazoezwi

Mara tatu mwezi huu, hapa Tanga, nimemsikia mtu aliyechukua mbwa mdogo akisema, “Nimeshamzoeza,” ilhali mbwa mwenyewe hajamaliza siku mbili nyumbani. Kuzoea ni kuona mahali, watu na sauti zake kuwa vya kawaida, hata ukala na kulala bila hofu. Maana yake ni hiyo, wala haina utata. Utata umo katika kitenzi kilicho jirani yake.

Zoeza ni zoea iliyotiwa kiambishi cha kusababisha, kama legea ilivyozaa legeza na potea ikazaa poteza. Ukisema mbwa amezoea, mtendaji ni mbwa. Ukisema umemzoeza, mtendaji ni wewe, naye ni mtendwa. Zoea imetupa mazoea, na zoeza imetupa mazoezi, yaani kurudia jambo kwa makusudi chini ya uangalizi wa mtu. Kumfundisha mbwa kuketi, kuja anapoitwa au kutembea na kamba ni mazoezi, nayo yana wakati wake. Mazoea hutangulia, na hayaji kwa amri.

Linalonisikitisha zaidi ni ukimya kuitwa mazoea. Mbwa wa miezi minne niliyemleta nyumbani, Chumbageni, alijibanza nyuma ya pipa la maji, amefyata mkia, akilambalamba midomo na kupiga miayo ingawa hakuwa na usingizi, na kila kengele ya baiskeli ilipolia barabarani alijikunyata zaidi. Ugali na dagaa hakuvigusa mchana kutwa. Bakuli tulilikuta tupu alfajiri. Jirani alimtazama akasema, “Huyu amezoea, hata habweki.” Alikuwa ameganda kwa hofu. Siku ya sita ndipo alipokula mchana, mimi nikiwa nimeketi hatua chache kutoka kwenye bakuli, nimempa ubavu na simtazami.

Wafugaji wengi hukadiria siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kuijua ratiba ya nyumba, na miezi 3 ya kuiona nyumba kuwa yake, ingawa mbwa hutofautiana. Katika muda huo mpe kona moja isiyohamishwa, chakula kile kile alichokuwa akila alikotoka, saa zile zile za kula, na wageni wachache. Chanjo ya kichaa cha mbwa, hata hivyo, haingoji mazoea. Akishatimiza miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiulizwa habari za mbwa wako mpya, usione haya kujibu, “Bado hajazoea.” Na siku atakapokufuata mwenyewe hadi mlangoni bila kuitwa, sema, “Ameanza kunizoea,” kwa kuwa aliyelitenda jambo hilo ni yeye.