Kaliba ya bunduki: nambari inayomchanganya msasi

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu wa bunduki, na kwa hivyo ni upana wa risasi ipitayo humo. Ukiambiwa bunduki ni ya milimita 9.3, risasi yake ina upana wa karibu milimita 9.3. Ukiambiwa .375, hizo ni sehemu 375 katika elfu za inchi moja, sawa na milimita 9.5. Waingereza na Wamarekani hupima kwa inchi, Wajerumani na jirani zao hupima kwa milimita, na mnunuzi hubaki katikati akigeuza hesabu.

Mtu wa Unguja au Pemba akitaka bunduki mpya ya kusasia, swali la kwanza atakaloulizwa barazani ni: "Kaliba gani?" Na atashauriwa na asiyewahi kushika hata gobori kwamba achukue kubwa. Anayeuliza huwa anataka kujua nguvu. Lakini kuuliza kaliba peke yake ni kama kuuliza nambari ya kiatu cha mtu ukitaka kujua anabeba kilo ngapi.

Tuchukue risasi mbili zinazolingana upana. Ya kwanza ni ile ndogo ya .22 wanayojifunzia watu shabaha. Ya pili ni .223 Remington, neno la mwisho likiwa jina la kampuni iliyoitoa. Zote mbili zina upana wa milimita 5.7 hivi, na ukizitoa kwenye maganda yake ukaziweka kiganjani, moja utaiona ndefu kidogo tu kuliko nyenzake. Ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 365 kwa sekunde. Ya .223 ina gramu 3.6 na hutoka kwa mita 990 kwa sekunde. Nguvu ya kitu kinachoruka ni nusu ya uzito wake kwa kilo, mara mwendo wake, mara mwendo wake tena. Mwendo unahesabiwa mara mbili, ndiyo maana unashinda uzito. Piga hesabu hiyo utapata jouli (kipimo cha nguvu) 173 hivi kwa ya kwanza na zaidi ya 1,700 kwa ya pili. Tundu lile lile, nguvu mara kumi.

Siri imo kwenye ganda. Risasi nzima unayoinunua ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi juu. Kaliba inahusu hicho kichwa tu. Ganda likiwa pana na refu, hubeba baruti nyingi, na baruti ndiyo inayosukuma. Wamarekani wana ukoo mzima wa risasi zenye kichwa cha milimita 7.8: .30-30 ya mwaka 1895, .30-06 ya 1906, .308 Winchester ya 1952, na .300 Winchester Magnum iliyokuja 1963. Ya .30-30 hutoa takriban jouli 2,600, ya .308 jouli 3,600, na ile ya magnum jouli 4,700 na ushei. Neno "magnum" hapo maana yake ni ganda lenye baruti nyingi kuliko kawaida. Tundu halikuongezeka hata kidogo.

Halafu kuna majina yenyewe, na hapa sina budi kusema kwamba walioyatunga hawakutufikiria. Kichwa cha .270 Winchester kina upana wa inchi .277. Cha .303, ile bunduki ya askari wa Waingereza katika vita vikuu viwili, kina karibu .312. Sababu ni kwamba ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili iende sawa bila kupepesuka. Ukipima tundu kutoka tuta hadi tuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji, unapata nambari moja. Ukipima kutoka mfereji hadi mfereji unapata nyingine, kubwa zaidi. Kila mtengenezaji alichagua aliyoipenda, na wengine walichagua tu nambari inayovutia sokoni. Na zile tarakimu 06 katika .30-06 si kipimo cha chochote: ni mwaka 1906, mwaka ambao jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo. Kwa hivyo jina la risasi lichukue kama jina, lote zima, pamoja na ukoo wake. Kusema "nina bunduki ya .30" hakujasema kitu.

Bunduki ya marisau, ile inayorusha vigololi vingi kwa mpigo mmoja, ina hesabu yake peke yake. Nambari 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika gololi 12 zinazolingana, gololi moja inaenea sawasawa kwenye tundu la mtutu, ambalo ni kiasi cha milimita 18.5. Nambari 20 ni gololi 20 kwa ratili, kila moja ndogo zaidi, na tundu lake ni milimita 15.6. Nambari ikipanda, tundu linapungua. Isipokuwa .410, ambayo ni inchi kama bunduki nyingine. Huo ni ukaidi wa desturi, hauna maelezo ya ziada.

Sasa tuje kwetu. Nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji wa wanyama wakali huitaja .375 kuwa kiwango cha chini kwa tembo na nyati, na watu wanaotoka safari za Bara huja na habari hizo. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, hutoa zaidi ya jouli 5,500. Visiwani hatuna tembo wala nyati. Mnyama anayemsumbua mkulima wa Unguja ni nguruwe mwitu, anayefukua muhogo na viazi konde nzima kwa usiku mmoja, naye si mkubwa kama hao. Paa nunga na chesi ni vijinyama vidogo, na wanalindwa. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka huwalinda wao na kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja. Kwa hivyo tukisema kusasa kwa bunduki hapa, tunasema nguruwe, na kwa ruhusa ya wanaohusika. Kibali cha silaha nacho hupitia Jeshi la Polisi.

Nguruwe huyo humpigi mbali. Uwandani, kwenye vichaka vya juu ya mawe, ukimwona kwa hatua thelathini umebahatika. Wasasi wetu wa asili wanalijua hilo: hutoka kundi, na mbwa, mikuki, mapanga na nyavu, wakamzingira. Katika msako wa namna hiyo, bunduki yenye risasi ya mbali ni hatari kuliko nguruwe. Mbwa wamezagaa, vijana wako kila upande wa kichaka, na chini ni jiwe la matumbawe ambalo risasi ikiligonga huruka pasipojulikana. Risasi ya .308 iliyokosa ikaelekea angani inaweza kufika karibu kilomita 4. Unguja yote, mashariki hadi magharibi, haifiki kilomita 40. Hata ile .22 ndogo, ambayo watu huidharau, hupita kilomita 1, na kwa nguruwe haifai kabisa: itamjeruhi tu, akafie mbali kwa mateso au arudi na hasira.

Kwa maoni yangu, kwa kazi hiyo namba 12 ndiyo bunduki ya visiwa hivi. Ukiijaza marisau makubwa ya milimita 8.4, tisa kwa ganda moja, inamwangusha nguruwe kwa mita 25 au 30, na marisau hayo hupoteza nguvu mapema sana kuliko risasi ya raifoli, yaani bunduki ya mtutu wenye mifereji. Sio kwamba hayana hatari. Nayo hudunda kwenye jiwe, na kwa karibu huua mtu vilevile.

Raifoli ina nafasi yake pale msasi anapokaa juu ya dungu, akilinda konde lake, akipiga kwa kuelekea chini ili kile kisichosimama kwa nguruwe kisimame kwenye udongo. Hapo .243, .30-30 au .308 zinatosha na kubaki. Angalia zaidi aina ya kichwa kuliko kaliba: cha ncha laini hutanuka kikiingia nyamani na kumaliza nguvu zake humo humo; kile kilichovishwa shaba kizima hupenya na kutoka upande wa pili kikiwa bado kina safari.

Jambo jingine ambalo kaliba haikwambii ni teke. Bunduki yenye ganda kubwa na uzito mdogo hupiga bega vibaya, na msasi akishaogopa teke hufumba macho na kuuvuta mtutu pembeni kabla ya kufyatua. Wapo wenye bunduki ya fahari wasiolenga nazi kwa mita hamsini. Risasi ya jouli 2,600 iliyopita nyuma ya bega la nguruwe, penye moyo na mapafu, inamshinda mwenye jouli 5,500 aliyempiga tumboni.

Mwisho ni kwenye kununua risasi zenyewe. Jina kamili la risasi limechorwa kwenye mtutu, na jina hilo hilo lazima liwe kwenye boksi na kwenye kitako cha ganda, neno kwa neno. Kama chumvi ya bahari imeshakula maandishi, na huku kwetu hula haraka, mpelekee fundi wa silaha apime kabla hujatia kitu. Kosa baya kuliko yote liko kwenye marisau: ganda la namba 20 likitiwa kwenye bunduki ya namba 12 huteleza na kukwama mbele ndani ya mtutu, pasionekane kitu ukichungulia chemba, pale nyuma ya mtutu panapokaa ganda. Msasi hudhani hajajaza, akatia la namba 12 nyuma yake na kufyatua, na mtutu hupasukia mkononi mwake. Kwa sababu hiyo watengenezaji hulipaka ganda la namba 20 rangi ya manjano, na ndiyo sababu maganda ya aina mbili hayachanganywi mfuko mmoja.