Tahadhari ya chanjo sawa, ila mtuambie mnasubiri nini

Nafanya kazi za chanjo huku nyanda za juu kusini, na kila ikija chanjo mpya nasikia makundi mawili, hawa wanasema serikali inajivuta wakati watu wanaumwa, wale wanasema inaharakisha nini, sisi sio panya wa majaribio. Wote nawaelewa jamani.

Chukulia ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania. Ilianza Kilimanjaro 2014, nchi nzima tukaipata Aprili 2018, tena kwa kuanzia mabinti wa miaka 14 tu maana dozi duniani zilikuwa chache. Huku watu waliuliza kwani mabinti wa Kyela na Tukuyu wana kosa gani? Ila Kilimanjaro hawakuwa wanapima kama chanjo ni salama, hilo lilishajulikana, walikuwa wanajifunza kuifikisha, shuleni unachanjaje, walioacha shule unawapata wapi, na mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye ubaridi toka ghalani mpaka kwa mtoto, unahimili au la.

Hapo kwenye mnyororo baridi ndo wengi hawajui. Wanadhani adui wa chanjo ni joto tu, kumbe HPV inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8 na ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona iko safi. Sasa fikiria Makete mwezi wa saba, asubuhi majani meupe kwa barafu, halafu mtu katoa vipande vya barafu friza kavitia kwenye kisanduku cha chanjo hapo hapo bila kusubiri vianze kuyeyuka, yaani utachoma watoto maji! Tahadhari ya namna hiyo naitetea popote.

Ya Japani siitetei. Aprili 2013 waliiweka HPV kwenye ratiba, Juni serikali ikaacha kuihimiza baada ya taarifa za mabinti kupata maumivu wakishachanjwa, haikuifuta wala haikuirudisha, ikakaa hivyo mpaka Aprili 2022. Utafiti wa jiji la Nagoya haukuona uhusiano wowote, lakini wanaochanjwa walishashuka kutoka kama asilimia 70 hadi chini ya 1. Mzazi akiona serikali imenyamaza anajua kuna kitu kinafichwa, ungekuwa wewe ungempeleka mwanao?

Kwaiyo nyie serikalini, mkisimamisha chanjo semeni mnapima nini na majibu lini. Na akina mama mnaoniuliza, tangu 2024 HPV ni dozi moja tu, miaka 9 mpaka 14, bure, mpelekeni binti.