Baiskeli za kale za mbio zilizoundwa kwa mkono: dhana potofu na yale kinayosema chuma

Fremu ya chuma iliyoungwa kwa mkono kati ya miaka ya 1940 na 1980 sasa hutundikwa ukutani kama mchoro, na inastahili. Mwaka 1991 baiskeli ya Kiitalia ya Cinelli Laser ilipewa Compasso d'Oro, tuzo kubwa ya ubunifu ya Italia, na mwaka 2010 jumba la Museum of Arts and Design la New York liliandaa maonyesho ya baiskeli zilizoundwa kwa mkono peke yake. Heshima hiyo imekuja na maneno mengi ya kuambizana. Anayeyaamini yote huishia kununua stika kwa bei ya fremu, au kuiharibu kazi aliyotaka kuitunza.

Dhana: Jina lililoandikwa kwenye bomba ndilo jina la fundi

Mara nyingi silo. Bomba la chini la fremu lilikuwa ubao wa matangazo, na aliyelipa ndiye aliyeandikwa. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico City, mwendesha baiskeli Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja na kuweka rekodi ya dunia. Baiskeli ile iliundwa na Ernesto Colnago wa Cambiago, Italia, lakini ubavuni ilisomeka Windsor, jina la kampuni ya Mexico. Faliero Masi naye, aliyekuwa na karakana katika uwanja wa Vigorelli mjini Milano, aliunda fremu za mabingwa zilizoingia barabarani na majina ya wengine.

Kwa hiyo stika iwe ya mwisho kutazamwa. Geuza fremu juu chini na uangalie vitu visivyobandikwa: umbo la taji la foki, matundu yaliyokatwa chini ya botomu braketi (kile kifuko ambamo mhimili wa kranki hupita), daraja la breki ya nyuma, na jinsi mabomba membamba ya nyuma yalivyomalizwa pale yanapokutana na lagi ya siti (lagi ni vile vikombe vya chuma vinavyoshika maungio). Kila karakana ilikuwa na namna yake ya kumaliza ncha hizo, na namna hiyo inaonekana hata chini ya rangi iliyopakwa mara tatu.

Dhana: "Kwa mkono" maana yake fundi alitengeneza kila kitu

Mabomba yalitoka viwandani. Columbus ya Milano ilianza mwaka 1919. Reynolds ya Birmingham ilipata hataza ya bomba lenye ncha nene na katikati nyembamba mwaka 1897, ikatoa chuma chake cha 531 mwaka 1935. Katika Columbus SL, mabomba makuu yana unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, na unene huo umefichwa ndani kwa sababu nje bomba limenyooka. Hata lagi zilinunuliwa zikiwa ghafi. Rangi na kromu mara nyingi vilifanywa kwingine kabisa.

Mkono wa fundi uliingia baada ya hapo, na ndio unaotufanya tusimame mbele ya fremu. Ncha ya bomba hukatwa kwa tupa mpaka ilalie bomba la jirani bila mwanga kupita. Lagi hutolewa mabaki ya kiwandani, hupunguzwa kingo, na hutanuliwa au kufinywa ili pengo kati yake na bomba libaki kama sehemu ya kumi ya milimita. Fluksi, yaani dawa inayosafisha chuma ili kiungo kishike, hupakwa, moto huwashwa. Brasi, madini ya kuungia, huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, na madini ya kuungia yenye fedha kati ya 600 na 700. Brasi hufuata joto, kwa hiyo fundi huipeleka kwa mwali wa moto mpaka itokeze ukingo wa pili wa lagi. Moto ukipungua, inaishia njiani na kiungo kinakuwa kitupu ndani. Moto ukizidi, chembe za chuma hukua, chuma hudhoofika, na ufa hutokea baadaye kando tu ya lagi.

Kazi hiyo inasomeka kwa macho. Weka taa ubavuni mwa fremu, isiwe mbele yake. Tazama lagi ya kichwa pale inapochongoka kama ncha ya mkuki. Kivuli cha ukingo kiwe chembamba kama uzi na kisikatike. Kivuli kinene kinaonyesha lagi ambayo haikupunguzwa. Kivuli kinachopotea na kurudi kinaonyesha brasi iliyomwagika nje ikafuta ukingo, na vitobo kama vya sindano vinaonyesha brasi isiyofika. Kisha pitisha ukucha kwenye ncha ya kulia na ya kushoto. Kwa fundi mzuri zinaanza na kuishia mahali pamoja. Ukishaona fremu moja ya namna hiyo, nakshi nyingi zilizochongwa ovyo hazikuvutii tena.

Dhana: Chuma huchoka na kulegea kadiri miaka inavyopita

Hapana. Ukakamavu wa chuma ni karibu gigapaskali 200, na haubadiliki kwa umri. Tena ni ule ule kwa chuma cha bei na cha kawaida. Bomba la 531 na bomba duni zikiwa na kipenyo kimoja na unene mmoja, hupinda sawasawa. Aina bora ya chuma ina nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo iliyowaruhusu mafundi kutumia bomba jembamba, hivyo fremu ikawa nyepesi. Fremu inayoyumba ghafla baada ya kuwa imara kwa miaka ina ufa. Tafuta ufa huo kwenye botomu braketi na kwenye vibao vya nyuma vinavyoshika ekseli.

Dhana: Mabomba ya nyuma yaliyopindwa ya Hetchins hulainisha barabara

Hetchins ya London ilipata umaarufu kwa mabomba ya nyuma yenye mawimbi, na watengenezaji wake waliyatangaza kuwa yanameza mtikisiko. Kunepa kwake ni kidogo mno ukilinganisha na tairi iliyo chini yake. Punguza upepo kidogo kwenye tairi na utapata ulaini ambao mawimbi hayo hayawezi kuutoa. Thamani yake iko kwenye jicho: baiskeli ilitambulika kutoka ng'ambo ya barabara bila kusoma jina. Kupinda bomba la chuma kwa ulinganifu pande mbili ni kazi ngumu, na inatosha kuipenda kwa hilo.

Dhana: Rangi inang'aa, kwa hiyo fremu ni nzima

Rangi mpya ndiyo maficho bora ya ajali. Pitisha kidole polepole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, sentimita 2 hadi 5 nyuma ya lagi za kichwa. Fremu iliyogonga kitu kwa mbele hufanya mkunjo mdogo hapo, na kidole huuhisi kabla jicho halijauona.

Halafu pima kwa uzi. Funga uzi kwenye kibao cha ekseli cha kushoto, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe kwenye kibao cha kulia na uukaze. Pima umbali kutoka uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 1 au hivi, sehemu ya nyuma imepinda upande. Chuma hunyooshwa, lakini fundi lazima aweke sawa na vibao vya ekseli pia. Visipokuwa sambamba, ekseli ya nyuma hupinda na mwishowe hukatika.

Dhana: Ipakwe rangi upya ndipo iwe na thamani

Kosa hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu halirudishiki. Rangi ya asili, hata yenye mikwaruzo, ni ushahidi: inaonyesha stika za mwaka wake, mistari iliyochorwa kwa brashi, na tabaka la kwanza lililopakwa karakanani. Ikishapigwa mchanga, vyote vimekwenda, pamoja na kingo za lagi alizozinoa fundi, kwa maana mchanga huzila.

Anza kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, kwa kitambaa cha pamba. Jaribu kwanza chini ya botomu braketi. Usiguse stika kwa petroli, asetoni wala thina. Nyingi hazina vanishi juu yake, na hutoka kwa mpanguso mmoja. Kausha, kisha paka nta nyembamba. Palipobaki chuma kitupu, ondoa kutu ya juu na uguse kwa rangi ukitumia brashi namba 0, pale pale tu, bila kupanda juu ya rangi ya zamani. Ndani ya mabomba, pulizia mafuta ya kuzuia kutu kupitia vitundu vya hewa, geuza fremu kila upande, na uiache idondoke usiku mzima.

Dhana: Kromu haishiki kutu

Tabaka la kromu ya urembo halifiki hata mikroni 1, na lina nyufa zisizoonekana. Kinachokinga chuma ni nikeli iliyo chini yake. Nikeli ikitoboka, kutu hutambaa kwa ndani na kuinua kromu kama ganda la kitunguu. Hatari zaidi ni tindikali ya matangini iliyobaki ndani ya mabomba ya nyuma wakati wa kuchovya: hula chuma kutoka ndani huku nje kukiwa kunametameta.

Vidoa vidogo husuguliwa kwa karatasi ya alumini iliyochovywa majini. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haikwaruzi. Vipuri vya chuma vyenye kutu nyingi vilowekwe kwenye asidi ya oksaliki, gramu 30 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kwa saa chache huku ukikagua. Ni sumu: vaa glavu na fanyia kazi penye hewa. Suuza, chovya kwenye maji yenye magadi ya kupikia, kausha mara moja na upake mafuta. Vipuri vya alumini visiingie humo.

Dhana: Vipuri vya kale hukubaliana vyote

Fremu nyingi zimeuawa hapa. Botomu braketi ya Kiitalia ina kipenyo cha milimita 36, nyuzi (mistari ya skrubu) 24 kwa inchi, na pande zote mbili hukazwa kwa kuzungusha kulia. Ya Kiingereza ina inchi 1.37 (karibu milimita 34.8), nyuzi 24 kwa inchi, lakini kikombe cha upande wa cheni hukazwa kinyume. Ya Kifaransa ina milimita 35 na milimita 1 kati ya uzi na uzi, pande zote kulia. Kikombe cha Kiingereza huingia mizunguko kadhaa kwenye fremu ya Kifaransa, hasa upande wa kushoto, kisha hukaza. Ukiendelea kukilazimisha, unachana nyuzi za fremu. Kikombe cha kulia cha Kiitalia nacho hulegea chenyewe kwa mzunguko wa kranki, hivyo kikazwe kwa nguvu na gundi ya nyuzi.

Shingo ya hendeli ya kawaida ni milimita 22.2, ya Kifaransa 22.0. Hendeli za zamani za Cinelli ni 26.4, nyingine nyingi 26.0, na tofauti hiyo ya milimita 0.4 hutosha kupasua shingo. Nafasi ya nyuma, kati ya vibao vya ekseli, ni milimita 120 kwa gia 5 na 126 kwa gia 6 au 7. Nguzo ya siti kwa Columbus SL huwa 27.2, ikiwa inayoingia ni 26.8, shuku kwamba lagi imebanwa au mabomba siyo yanayotajwa kwenye stika.

Dhana: Namba ya fremu inatoa mwaka

Waitalia wengi waligonga kipimo cha fremu tu, au hawakugonga kitu. Kibadilisha gia cha Nuovo Record cha Campagnolo, kampuni ya Italia ya vipuri, husaidia: kinasomeka PATENT na tarakimu mbili za mwaka, mathalani 74. Huo ni mwaka wa kipuri, si wa fremu. Vipuri huhama kutoka fremu hadi fremu, kwa hiyo tafuta angalau viwili vitatu vinavyokubaliana.

Dhana: Nguzo ya siti iliyokwama inatoka kwa nguvu na moto

Alumini na chuma vikikaa pamoja na unyevu, oksidi ya alumini huvimba na kushika. Kwa joto alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo moto huibana zaidi, na rangi inaungua. Toa bolti ya lagi kabisa. Geuza fremu, mimina mafuta ya kupenya kupitia botomu braketi, uyaache siku 2 au 3. Amonia ya kusafishia huilegeza oksidi pia, ila isiguse rangi. Kisha poza nguzo, ibane kwenye jiriwa, na uizungushe fremu polepole, kidogo kulia, kidogo kushoto. Ikigoma, rudia mafuta. Kuivuta kwa pupa hupinda mabomba ya nyuma.

Dhana: Kazi yake ni kutundikwa tu

Kutundika kwa gurudumu hakupindi rimu. Gurudumu lile lile lilimbeba mpanda baiskeli kwenye mawe. Nazo hupandwa hadi leo. L'Eroica, tamasha la baiskeli za kale linalofanyika mjini Gaiole in Chianti, Italia, tangu 1997, hupokea baiskeli za mbio za kabla ya 1987, zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini, kebo za breki zinazopita nje ya hendeli, na pedali zenye mikanda. Kabla ya kupanda, toa kranki ya kulia ya Nuovo Record au Super Record, isafishe, na umulike kwa lenzi kwenye pembe kali ambapo mkono wa kranki hukutana na miguu mitano inayoshika gia. Ufa huanzia hapo, mweusi na mwembamba kama unywele. Ukiuona, kranki hiyo ibaki ukutani na nyingine ifungwe mahali pake.