Friji ya mtaa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu mwaka 2020, UVIKO-19 ilipowakatia watu wengi kipato, friji zimesimama kando ya barabara za New York, Chicago na miji mingine ya Marekani. Zinavuta umeme wa duka au nyumba iliyo jirani, na hazina mlinzi wala daftari la majina. Mwenye chakula cha ziada anaweka, mwenye haja anachukua. Wazo ni la zamani kuliko janga lile: mtandao wa Ujerumani wa kugawana chakula, uitwao foodsharing, ulianza mwaka 2012, na friji ya Galdakao, mji wa Uhispania, ilifunguliwa mwaka 2015. Mengi yanayosemwa vibaya juu ya friji hizi yana chanzo kimoja. Watu wanaliona sanduku, hawaioni zamu ya wanaolitunza.

"Ni chakula cha maskini, asiye maskini akichukua amedhulumu"

Hapana. Huu ni utaratibu wa kusaidiana, na mtu yuleyule anaweza kuweka mkate Jumatatu na kuchukua maziwa Alhamisi. Mswahili aliyezoea kuona sahani ya futari ikipelekwa kwa jirani hahitaji maelezo marefu hapa. Kumdai mtu kitambulisho au hati ya mshahara huwafukuza kwanza wale wenye aibu, wazee na wasio na vibali vya kuishi nchini. Wala chakula si haba: kwa hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kutoka majumbani, mahotelini na madukani, na asilimia 60 ilitoka majumbani.

"Atakuja mmoja azoe vyote"

Hutokea. Lakini huenda huyo mmoja anawachukulia majirani watatu wasioweza kutembea. Friji tupu saa mbili baada ya kujazwa ni friji iliyofanya kazi yake. Ya kutia wasiwasi ni ile iliyojaa siku tatu. Dawa ya uzoaji ni namna ya kuweka. Gunia la mchele la kilo 10 ligawanywe mifuko ya kilo moja moja, na mzigo mkubwa wa mkahawa uingizwe kwa awamu, nusu asubuhi na nusu jioni, ili wanaotoka kazini usiku nao wakute kitu. Kufuli na kamera hazijawahi kugawa chakula.

"Friji yoyote inayopoza inafaa"

Hapa ndipo vituo vingi hukwama. Friji ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya jikoni. Kwenye friji za Ulaya, na nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki, kibandiko cha ndani kina herufi: N ni ya mazingira ya nyuzi 16 hadi 32 za sentigredi, ST hadi 38, T hadi 43. Ukiiweka juani, mashine haitapumzika na chakula hakitapoa. Ijengewe kibanda chenye paa na kuta tatu, iinuliwe kidogo kutoka chini mvua isiilowanishe, na iachiwe nafasi nyuma ili joto litoke.

Wengi hawategemei kwamba baridi nayo huiharibu kazi yake. Friji nyingi za bei nafuu zina kihisio kimoja cha joto, nacho kiko upande wa friji, si wa friza. Nje kukiwa na nyuzi 3, kihisio kinaona baridi imetosha, mashine haiwaki, na friza inayotakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri inaanza kuyeyuka. Baridi ikizidi tena, maziwa na mboga zinaganda na chupa za kioo zinapasuka. Kwa hiyo katika majira ya baridi ya Chicago, friza ya namna hiyo isitumike kwa chakula, na rafu za vyakula vikavu ndizo zipewe nafasi kubwa.

Friji ya zamani yenye komeo la nje isikubaliwe hata ikiwa ya bure. Watoto walikuwa wakijifungia humo na kufa kwa kukosa hewa, ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1956 ililazimisha milango inayofunguka kutoka ndani.

Umeme wenyewe si gharama ya kutisha. Friji ya kawaida hutumia uniti moja hadi mbili kwa siku. Kwa uniti moja na nusu, na bei ya senti 20 za dola kwa uniti, ni kama dola 9 kwa mwezi. Ghali zaidi ni waya mwembamba wa kuungia: unapata moto, unayeyuka, unaunguza kibanda. Tumia waya mnene wa matumizi ya nje, mfupi kadiri iwezekanavyo, uliochomekwa kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovuja. Lakini kinga hiyo ikikata usiku, friji inazimika kimyakimya. Weka kipimajoto ndani, katikati ya rafu, na kila mwenye zamu akisome kabla ya kugusa kingine chochote. Kisizidi nyuzi 4.

"Kikinuka vizuri ni kizima, na friji huua vijidudu"

Baridi huvichelewesha tu. Bakteria aitwaye Listeria huendelea kukua hata ndani ya friji, na bakteria wengi wanaosababisha ugonjwa hawabadilishi harufu wala ladha.

Chukua wali au pilau, chakula ambacho Waswahili wa ughaibuni hupenda kukitoa kwa moyo mmoja baada ya shughuli. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa. Sufuria ikiachwa mezani, zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu ile haitoki hata kiporo kikipashwa moto mpaka kitoe mvuke. Kwa hiyo usalama wa wali unaamuliwa katika saa zile za kuupoza. Kanuni inayofuatwa Marekani ni hii: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria ya lita 20 haiwezi. Utandaze kwenye trei kwa kina kisichozidi sentimita 5, upoe, ndipo uufungashe kwenye vikopo vya mlo mmoja. Kila kikopo kiwe na lebo ya viungo vyote (karanga, maziwa, mayai na samaki visikosekane), tarehe ya kupikwa, na kama ni halali. Siku ya nne, kama kipo bado, kinatupwa.

Baadhi ya vituo hupokea vyakula vya viwandani na mboga tu, na hilo ni la kuheshimiwa. Karibu kote hukataliwa nyama na samaki wabichi, pakiti zilizokwisha kufunguliwa, vyakula vya makopo vilivyofungwa nyumbani, pombe na dawa.

"Tarehe ikipita, ni sumu"

Inategemea imeandikwa nini. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora. Biskuti na tambi huliwa salama baada yake. "Tumia kabla ya" ya Ulaya, kwenye nyama ya kusaga kwa mfano, ni ya usalama na haina mjadala. Marekani, serikali kuu hailazimishi tarehe kwenye chakula chochote isipokuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na hayo yasiwekwe kamwe baada ya tarehe.

"Mtu akiumwa, aliyetoa atashtakiwa"

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, iitwayo Bill Emerson, inamkinga anayetoa kwa nia njema kupitia shirika lisilo la faida, mradi hakufanya uzembe mkubwa. Marekebisho ya Januari 2023 yaliongeza mikahawa, maduka na wakulima wanaowapa wahitaji moja kwa moja. Mtu binafsi anayeweka sufuria yake hana kinga hiyo waziwazi, na hiyo ni sababu nzuri ya kuiweka friji chini ya kanisa, msikiti au chama kilichosajiliwa. Ulaya mambo ni tofauti: mwaka 2016 mamlaka za Berlin zilitaka friji hizi zihesabiwe kama biashara za chakula.

"Ikishawekwa, inajiendesha"

Siku saba, watu wawili kila siku, maana yake watu 14 kabla friji haijachomekwa. Zamu moja ni dakika 20: kusoma joto, kutoa kilichooza, kufuta kilichomwagika, kuandika daftarini. Mara moja kwa juma rafu zote zitolewe, zioshwe kwa sabuni, kisha zipanguswe kwa maji ya klorini, kijiko kimoja cha chakula cha klorini ya maji (bleach) kwa lita 4 za maji, bila kuchanganya na siki. Mpira wa mlango usisahaulike; ukungu huanzia humo.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa nne, na friza iliyojaa hufika saa 48. Lakini friji ya barabarani hufunguliwa usiku kucha na hakuna wa kukuambia umeme ulikatika lini. Gandisha kikombe cha maji ndani ya friza, uweke sarafu juu ya barafu. Ukiikuta sarafu imezama, kila kilichokuwemo kinatupwa.