Jeni za vipokezi vya kinga ya asili kwa samaki wa kufugwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Samaki ni kiumbe duni, basi vipokezi vyake ni vichache.

Binadamu ana vipokezi 10 vya jamii ya TLR (Toll-like receptors), yaani protini za seli zinazotambua alama za vimelea kama ukuta wa bakteria au RNA ya virusi. Kwa samaki wenye mifupa, ukijumlisha spishi zote, aina zinazojulikana zinakaribia 20, na baadhi, kama TLR22, binadamu hana. Kwenye maji baridi kingamwili huchukua wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo siku za mwanzo za maambukizi ni za vipokezi hivi.

Dhana: Jina moja, kazi moja.

TLR4 ya mamalia hutambua LPS (lipopolisakaridi), kijenzi cha utando wa nje wa baadhi ya bakteria. Samoni wa Atlantiki hana TLR4, na samaki wengi huvumilia dozi za LPS ambazo zingemuua mamalia. Ukimwagia seli za samaki LPS ya kawaida zikaitika, huenda zimeitikia mabaki ya peptidoglikani, kijenzi cha ukuta wa bakteria, yaliyochanganyika humo. Tumia LPS iliyosafishwa zaidi, na uweke kundi jingine la seli zinazopewa peptidoglikani peke yake.

Dhana: Jeni ikipanda, samaki amekingwa.

Hapa ndipo fedha nyingi za utafiti wa vyakula vya kuongeza kinga hupotelea. Jeni “kupanda” ni kutoa RNA nyingi zaidi, yaani nakala za maagizo ya kutengeneza protini. qPCR, kipimo cha maabara, hupima RNA hiyo, haipimi protini wala uhai wa samaki. Hata RNA yenyewe huharibika kirahisi: kipande cha figo ya kichwa (sehemu ya mbele ya figo ya samaki) au bandama kisizidi unene wa milimita 5, kizame katika ujazo wa dawa ya kuhifadhi angalau mara 5 ya kipande, kikae usiku kucha kwenye nyuzi 4 ndipo kigandishwe. Kikiwa kinene, dawa haifiki katikati na RNA ya huko huoza.

Samoni na trauti wana tatizo la ziada. Jenomu (jumla ya DNA) ya mababu zao ilijirudufu, hivyo jeni nyingi zina nakala mbili zinazofanana sana. Praima, kipande kifupi cha DNA kinachoelekeza qPCR kwenye jeni, ikishika zote mbili, nakala iliyopanda huficha iliyoshuka. Panga mifuatano yote miwili sambamba, kisha ncha ya 3′ (ncha ya mwisho) ya praima iangukie herufi ya DNA inayotofautiana. Samaki wa kundi linganishi nao wavuliwe kwa wavu uleule na kwa muda uleule, maana kortisoli, homoni ya mshtuko, hubadilisha utendaji wa jeni za kinga. Mwisho wa yote, ambukiza samaki na uhesabu vifo. Bila hatua hiyo, usidai kinga.

Dhana: Ukoo unaostahimili ugonjwa una kipokezi bora cha kinga.

Si lazima. Ustahimilivu wa samoni dhidi ya virusi vya IPN (ugonjwa wa kongosho wa samaki) unategemea zaidi eneo moja la kromosomu ya 26. Mwaka 2015 jeni iliyotajwa hapo ilikuwa ya kadherini, protini inayounganisha seli. Baadaye ushahidi ukaelekea kwa jeni jirani yake, iitwayo nae1. Hakuna TLR kati ya hizo mbili. Anayechagua wazazi wa vifaranga aanze na vifo vya familia zilizoambukizwa, atafute eneo la kromosomu lenye athari, ndipo aulize ni jeni gani.