Ndondi katika uchoraji wa uhalisia wa Marekani ni nini?

Ni michoro ya masumbwi iliyochorwa hasa na Thomas Eakins wa Philadelphia na George Bellows wa New York, kati ya 1898 na 1924. Uhalisia hapa ni kuchora maisha ya mjini yenyewe, pamoja na jasho na watazamaji wanaopiga kelele, badala ya miungu na mashujaa wa kale. Si lazima kila ngumi ichorwe kama ilivyopigwa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Eakins hata ngumi hachori. Katika Between Rounds bondia ameketi kwenye kona akipepewa kwa taulo. Katika Taking the Count mmoja amepiga goti, anahesabiwa. Katika Salutat (1898) mshindi anainua mkono kuwasalimu mashabiki. Eakins alikuwa bingwa wa anatomia, na mwili uliotulia humpa mchoraji nafasi ya kuuchunguza msuli kwa msuli.

Bellows alifanya kinyume. Jirani na studio yake palikuwa na klabu ya Tom Sharkey, bondia mstaafu. Sheria ya New York ya 1900 ilizuia mapambano ya hadharani ila iliziachia klabu mwanya: wanachama waliruhusiwa kupigana wao kwa wao. Basi mabondia waliandikishwa uanachama wa usiku mmoja tu. Ukilijua hilo, jina Both Members of This Club (1909), yaani wote wawili ni wanachama, linakuwa kejeli kali, maana mmoja ni Mweusi na mwingine Mzungu, katika Marekani ya ubaguzi.

Stag at Sharkey's, ya mwaka huohuo (sentimita 92 kwa 122 hivi, iko Cleveland), isome kuanzia chini. Jicho lako liko usawa wa vichwa vya watazamaji, kana kwamba umebanwa kati yao. Juu yao mabondia wanaegemeana, na refarii anakamilisha pembetatu. Nyuso hazitambuliki, rangi imepakwa nzito, kwa haraka. Ukiipima mikao yao kwa macho ya kocha, utasema hawa wataanguka. Bellows alikubali kupoteza mizani ili apate kasi, na kwa maoni yetu alipata zaidi ya alichopoteza.

Mwaka 1920 sheria mpya ilihalalisha ndondi, mchezo ukahamia viwanja vikubwa, na brashi ya Bellows nayo ilikuwa imebadilika. Dempsey and Firpo (1924) ina miili laini yenye kingo kali. Inaonyesha raundi ya kwanza ya pambano la Septemba 14, 1923, uwanja wa Polo Grounds: Luis Firpo, bondia wa Argentina, amemrusha nje ya kamba Jack Dempsey wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Asiyejua matokeo humpa Firpo ushindi. Dempsey alirudi ulingoni, akammaliza kwa nokauti raundi ya pili.