Hiyo 2147483647 sio namba ya simu

Kuna ofisi moja hapa Tanga mjini walituita chuoni tuwaangalizie orodha ya wateja wao, maana kila mtu kaandikiwa simu ileile, 2147483647, mzee wa Pongwe hiyo, mama wa Chumbageni hiyohiyo, wakaanza kusema kuna mtu kawachezea. Hakuna aliyewachezea. Hiyo jamani ni namba tasa, tena ina historia yake.

Tasa si mnaikumbuka ya shule ya msingi, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Chukua machungwa 12 ya Muheza uyapange chini kama wauzaji wa stendi, unapata mistari 3 ya manne manne au 2 ya sita sita, ongeza moja yawe 13 uone, utahangaika mpaka adhuhuri, hayakai sawa labda uyaweke mstari mmoja mrefuuu.

Sasa andika 2 mara 31, zidisha zote kwa pamoja, afu toa 1, ndo hiyo yetu. Ila sio kila ukifanya hivyo inatoka tasa, ukitumia 2 kumi na moja unapata 2047 ambayo ni 23 mara 89. Aliyethibitisha hii ya 31 ni mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772 akiwa Saint Petersburg, macho karibu yote yamekufa, kikokotoo hakuna. Huhitaji kujaribu vigawo vyote, unaishia 46,340 tu kwa sababu 46,341 ukiizidisha yenyewe ushaipita namba, na hata humo alijua kigawo kikiwepo lazima ukikigawa kwa 248 kibakize 1 au 63, zingine zote tupa kule. Mzee alikuwa noma.

Kwenye simu imefikaje? Programu nyingi zinatunza namba nzima kwa biti 32, yaani nafasi 32 zenye chaguo mbili tu, 0 au 1, moja ni ya alama ya jumlisha au toa, zinabaki 31, kwahiyo kikomo ni hiyohiyo. Karani kaanza na 255, tarakimu 12, haienei, na database yao badala ya kugoma ikaandika kikomo kimyakimya. Namba zenyewe zimeshapotea, bahati fomu za karatasi zilikuwepo. Simu itunzwe kama maandishi bwana, kwani nani anajumlisha namba za simu?

Na utasa wake hauhusiani na kuwa kikomo, imeangukia tu, kile cha biti 64 kinagawanyika kwa 7 vizuri kabisa.

Ofisi zenye programu za zamani zicheki na saa pia. Nyingi zinahesabu sekunde toka 1 Januari 1970, na zitafika 2147483647 Jumanne 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, wavuvi wa soko letu la Deep Sea ndo wanashusha samaki. Sekunde inayofuata, programu ambayo haijarekebishwa inaruka kwenye hasi na kusoma 13 Desemba 1901, Tanga bado iko kwa Mjerumani.